Mzigo Wako Umefika

Waliniita Injinia, na mimi nikaitika. Chuo kikuu nilikiacha kabla ya kutetea kazi yangu ya mwisho, kwa hiyo shahada sina mpaka leo. Lakini Kisangani mwanamke akionekana amefungua kompyuta na kuifunga bila kubakiza parafujo mezani, cheo anapewa bure. Nilikipenda cheo kile. Nakisema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili.

Ilikuwa miaka ya vita vya mashariki, hivi vya karibuni, ambavyo sisi wa Kisangani tulivijua kwanza kwa bei ya vitunguu. Tonton, mdogo wake baba, alikuwa na depo, ghala la mali, karibu na soko kuu. Ni mtu wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mtu wa kupima maharage huku anasali. Mali yake yote ilimjia kwa barabara kutoka Kivu ya Kaskazini, kupitia Komanda, Mambasa na Bafwasende: siku chache kukiwa kukavu, wiki kadhaa mvua ikiharibu njia. Kisha barabara ile ikawa barabara ya kuchomewa magari, na wenye malori wakaogopa, mmoja baada ya mwingine. Tonton akageukia mto. Akaanza kuagiza mali ya Kinshasa, na kwa kuwa wateja wake walishazoea kusikia kwamba hana kitu, akapata wazo la kuwaonyesha kwamba anacho.

"Ma fille, binti yangu," aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho watu ni batu, "batu bote sasa iko na simu. Baone kitu kwa simu, baagize, toleka ibapelekee. Wewe uko mutu ya mashini. Utanifanyia?"

"Nitakufanyia, Tonton."

Toleka ni zile baiskeli zetu za kubeba watu na mizigo, kwa hiyo usafirishaji ulikuwa tayari kabla ya duka. Kilichobaki kilikuwa juu yangu, nami nikaomba wiki sita. Ningeomba tatu kama asingekuwa baba yangu mdogo. Kujigamba nako kuna heshima zake.

Duka lenyewe tuliliweka kwenye seva ya kukodi, huko Ulaya, mahali ambapo umeme hauna hasira. Lakini mtandao wa mjini kwetu unakuja ukipenda, basi nikaweka mashine ya pili hapo hapo depo, kompyuta ya zamani yenye betri mbili kubwa pembeni, ihifadhi nakala ya mali na ya maagizo. Mtandao ukiwepo, mashine hizi mbili zinasalimiana na kupeana habari. Ukikatika, ya depo inaendelea na kazi peke yake. Wateja wetu wengi walikuwa na simu ndogo zisizofungua picha, kwa hiyo niliiunganisha mashine ya depo na kifaa chenye kadi ya simu, ili iwatumie ujumbe mfupi agizo likiwa tayari. Na hapo ndipo nilipojisifia zaidi. Niliandika programu ambayo ujumbe ukishindwa kwenda haufi. Unakaa kwenye foleni, unangoja mtandao, ukirudi tu unaondoka. Nilimweleza Tonton jambo hilo mara tatu, na mara zote tatu aliniambia Mungu aibariki akili yangu.

Maneno ya ujumbe alinipa yeye. "Weka vile mulinzi anasemaka," alisema. "Batu banazoea."

Hapa lazima nieleze desturi ya depo yetu. Madereva wa barabara ile hawatangazi kufika. Dereva anayepiga simu kusema "kesho niko Kisangani" ameitukana njia, na njia ina kisasi. Kwa hiyo dereva ananyamaza mpaka lori linaingia uani. Hapo mlinzi wa depo anachukua simu na kuwaita wote wenye vitu ndani ya lori, na wa kwanza kuitwa ni mke wa dereva, hata kama hana mzigo wowote humo. Anaambiwa maneno yale yale wanayoambiwa wengine: Mzigo wako umefika, pitia depo. Mke akisikia hivyo anajua mume wake yu hai, anaweka maji motoni. Nimekulia kwenye ua ule, tangu nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi. Nilijua maneno yale yana uzito gani, na ndiyo niliyoyaingiza kwenye mashine, herufi kwa herufi.

Zilipobaki siku chache duka lifunguliwe, nikaanza majaribio. Nilijaribu watu wawili wakinunua gunia la mwisho kwa wakati mmoja. Nilizima umeme kwa makusudi katikati ya agizo. Yote yakaenda vizuri, nikazidi kupanda kichwa. Yakabaki majaribio ya ujumbe. Kila mwenye kazi hii anajua kwamba hapo unabuni wateja wa uongo, Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili, na namba zisizofika kwa mtu. Ni kazi ya nusu saa. Mimi nilikuwa nimeshaingiza daftari lote la wateja wa Tonton, watu zaidi ya mia mbili, na nikaona uvivu kubuni wengine. Tena mtandao wa simu ulikuwa umekatika mji mzima tangu Jumapili. Nikajisemea: hata nikibonyeza, utaenda wapi? Nikabonyeza. Kioo kikasema ujumbe haukwenda. Nikafurahi kwamba kosa limeonyeshwa vizuri, nikaenda kula pondu na samaki.

Yaani programu niliyoisifu mara tatu kwamba haisahau, mimi mwenyewe niliisahau kwa saa moja ya njaa.

Jumatano asubuhi mtandao ukarudi. Sikutambua, nilikuwa napanga picha za sabuni. Kilichonishtua ni watu. Akaja mwanamke na beseni tupu, akaja mzee na toleka mbili za kukodi, wakaja wengine, kila mmoja ameshika simu. Tonton alicheka mwanzoni. "Injinia, unauzishia hata batu hawajaagiza!" Nami nikacheka, ingawa nilishaelewa kwamba foleni yangu imeondoka. Tuliwaomba samahani, tukawagawia kipande cha sabuni kila mmoja, wengi wakaondoka wanatutania.

Kisha akaingia mke wa dereva.

Mumewe aliliendesha lori la mali ya Tonton kwa zaidi ya miaka kumi. Mara ya mwisho lilitoka Butembo limejaa vitunguu, likaonekana Komanda, na tangu hapo hakuna aliyeliona, wala zima wala majivu. Ulikuwa mwezi wa tano tangu lipotee. Mama huyu alikuwa mteja wetu wa rejareja, mchele na mafuta, kwa hiyo jina lake lilikuwamo daftarini, na jina likiwa daftarini lilikuwa ndani ya mashine. Alikuwa amevaa liputa mpya, kitambaa na blauzi vya sare. Watoto wanne walikuwa nyuma yake wamepakwa mafuta, hata yule mdogo amevishwa viatu. Hakuuliza habari ya mzigo. Alipita mbele yangu mpaka mlango wa nyuma, akaangalia uani, pale lori linapoegeshwa. Palikuwa na mbao za kupangia magunia na kuku wa mlinzi.

"Iko wapi?" aliuliza.

Tonton aliniangalia mimi. Wateja wawili waliobaki nao wakaniangalia. Ukweli ulikuwa mfupi: ni mimi, nilifanya majaribio kwa jina lako. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, nikasema:

"Yaya, ni rezo. Ilikatika tangu dimanche, leo imerudia, njo inaleta mamesaji ya zamani."

"Ya zamani ya lini?"

"Sijue, Yaya. Rezo ya huku unaijua."

Kisangani kila kitu ni rezo, yaani mtandao. Mtu akichelewa kazini ni rezo, asipolipa ni rezo, akimwacha mchumba ni rezo. Hakuna anayekubishia, maana kila mtu ameonewa nayo. Na kibaya zaidi, nilichosema kilikuwa na nusu ya kweli ndani yake, ndiyo maana kilinitoka kirahisi. Yule mama alisimama kidogo, anaifikiria nusu ile. Kisha akaniambia merci, leki, akawakusanya watoto wake, akaondoka. Leki ni mdogo wa mtu. Aliniita mdogo wake. Nakumbuka nilipumua. Nakumbuka hata nilijiona hodari.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika Ijumaa. Kesho yake asubuhi alikuja shemeji wa yule mama, kaka mkubwa wa dereva, amefura. Nilikuwa chini ya meza ya mashine nafunga waya za betri, na kitambaa cha meza kilinificha. Alianza kufoka tangu mlangoni, na kwa kufoka kwake nikajua yote ambayo sikuyajua.

Familia ilikuwa imekubaliana kufanya matanga Jumamosi. Kwa miezi mitano mke alikuwa amekataa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyeona hata kiatu chake. Walimbembeleza, wakamletea padri, wakamletea mama yake, na Jumapili hiyo hiyo mtandao ulipokatika akakubali mwishowe. Akavua viatu, akakaa chini sakafuni, kama wanavyokaa wajane wa kwetu. Vitanda vikatolewa nje, picha ya mume ikakuzwa na kuwekwa juu ya kiti, shangazi wakaja kutoka Banalia na kwanga zao za muhogo na samaki zao. Viti na turubai vilikwisha kukodiwa. Jumatano ujumbe wangu ukaingia.

"Amerudisha vitanda mu nyumba!" alipaza sauti. "Amefukuza bamama ya Banalia! Nasema, mesaji ilitoka fasi gani? Anajibu: rezo ilikuwa imelala, sasa imeamuka. Donc, kwa hiyo, mesaji ya bwana yangu ilikuwa imelala pamoja nayo. Donc alipita fasi iko na rezo. Donc iko muzima! Njo vile anasemaka. Alors, Papa, nani hapa alimutumia ile mesaji?"

Hebu tazama jinsi mtu mwenye akili anavyoujenga ukuta kwa tofali moja alilopewa. Mimi nilimpa neno zamani, na yule mama akajenga juu yake mume mzima. Alidhani dereva mwenyewe, kwa simu ya kuazima, aliandika maneno ya mlinzi, ili asitaje kwamba anafika, asiitukane njia. Tena alikuwa sahihi kumfikiria hivyo. Mtu yule angeweza kufanya hivyo kabisa.

Tonton alijibu kwa sauti ndogo kwamba hajui, atauliza. Na mimi? Nilibaki chini ya meza. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Injinia, nimepiga magoti kwenye vumbi, nashika waya uliokwisha kufungwa, nangoja mtu mwenye uchungu aondoke. Hakuna aliyenishika pale wala kunifungia. Nimejaribu miaka hii yote kuikumbuka dakika ile kwa namna nyingine, kwamba nilikuwa nataka kutoka, kwamba alikuwa mkali mno. Hapana. Niliona haya kuliko nilivyomhurumia yule mama, basi.

Alipoondoka nilitoka, nikamwambia Tonton yote. Hakunigombeza. Angenigombeza ningempenda zaidi. Alikaa kwenye gunia, akajifuta uso kwa leso, akahesabu siku kwa vidole. Duka lilikuwa lifunguliwe Jumamosi asubuhi. Padri alishaitwa, wafanyabiashara wenzake wa Kivu walishaalikwa, na mali ya mto ilikuwa imeshapakuliwa.

"Tukisema leo," alisema, "bote batajua mashini iko nadanganya batu. Hakuna mutu ataagiza. Ngoja tufungue kwanza. Samedi, nyuma ya misa, tutaenda bote mbili kumuambia."

Nilipaswa kukataa. Nilifurahi. Mtu mzima kanipa ruhusa ya kunyamaza, nikaipokea kwa mikono miwili. Ijumaa nzima nilifanya majaribio, safari hii na wateja wa uongo, Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayenawa mikono baada ya kula. Yule mama alikuja mara mbili siku hiyo. Alikuja kuuliza tu kama rezo imeleta nyingine. Mara zote mbili nikavaa miwani ya mbao, nikamwambia bado.

Jumamosi ikafika na jua zuri. Padri alibariki magunia, akabariki mizani, kisha akageukia mashine na maji yake ya baraka. Nikawahi kuifunika na nailoni, watu wakacheka, akainyunyizia nailoni. Tonton alivaa suti. Nilifungua duka kwenye simu kubwa ya mmoja wa wafanyabiashara, wote wakainamia kioo, na kabla ya soda kuisha agizo la kwanza likaingia, dazeni ya sabuni kutoka mtaa wa pili. Likafuata la mchele. Yakaja matano, kumi, na mashine ya depo ikaitikia yote bila kukohoa. Ile ilikuwa kazi nzuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haikunisaidia kitu.

Mke wa dereva alikuwapo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi, ameligeuza lielekee lango. Watu walipopiga makofi, naye alipiga, kwa adabu, bila kuondoa macho barabarani. Kiberiti cha mtu kilianguka nje akainuka nusu. Nilipoona kuinuka kule sikuweza tena kungoja misa wala Tonton. Nilikwenda kukaa kando yake.

"Yaya," nilimwambia, "ile mesaji ni miye. Haikutoka kwa njia. Ilitoka mu ile mashini. Nilikuwa naijaribu, nikaweka majina ya batu ya kweli, na jina yako ilikuwa ndani. Papa ya batoto hakuandika kitu."

Alizidi kutazama barabara. Nikaendelea.

"Na mercredi nilikudanganya. Haikukuwa rezo. Nilipata haya."

"Ulipata haya," alisema.

"Ndiyo, Yaya."

"Ya nani?"

Lango lilikuwa limejaa watu wanaokunywa soda. Aliziangalia suti zao, akaangalia mashine yenye nailoni, akarudi kwangu.

"Ile mesaji ilienda kwa batu ngapi?"

"Kwa bote ba mu daftari. Zaidi ya mia mbili."

"Bote banajua niliamuka pale chini," alisema. "Bote banajua nilirudisha vitanda. Majirani balinicheka, nikabaambia ngojeni. Bamama ya Banalia nilibatukana. Sasa mi nitapita nyumba kwa nyumba, niseme nilikosea?"

"Nitapita mimi, Yaya."

"Hapana. Utabaita vile ulibaita." Akainuka. "Twende kwa mashini yako."

Tulipita katikati ya wageni. Tonton alituona, akaelewa, akavua miwani yake na kusimama hivyo hivyo bila kuja. Niliondoa nailoni. Nikafungua sehemu ya ujumbe, nikafuta maneno ya mlinzi. Yule mama alisimama nyuma ya bega langu akanitajia maneno yake, nami nikaandika, na kila aliponyamaza kutafuta neno nilingoja na vidole hewani. Alitaka iandikwe kwamba bwana wake, dereva wa barabara ya Butembo, hayuko tena. Kwamba matanga inaanza leo kwao, mtaa wa Tshopo. Kwamba anaomba msamaha kwa bamama ya Banalia, barudi. Aliniambia nisiweke kitu kuhusu mashine. Nilimuuliza kwa nini. Alisema matanga ni ya bwana wake, haiko ya kwangu.

"Tuma," alisema.

Nilichagua orodha yote na kubonyeza. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku yoyote ya mwezi ule. Ujumbe uliondoka mmoja baada ya mwingine, nikaona mlangoni wafanyabiashara wakianza kutoa simu mifukoni, na soda zikishushwa.

Simu ya yule mama, aliyokuwa ameishika mkononi, ikalia. Sikuwa nimeitoa namba yake kwenye orodha.

Aliifungua. Akasoma yote, pole pole, midomo ikicheza, kama mtu anayeletewa habari na wengine. Halafu akavua viatu, akavipanga kando ya betri, akakaa chini kwenye saruji.